Wema wa Ghorofani: Mwongozo kwa Mkazi wa Crescent Town

Anza na lifti. Crescent Town, upande wa mashariki wa Toronto, ni mtaa wa maghorofa marefu. Maelfu ya watu wanaishi juu ya vichwa vya wenzao, na hakuna kizingiti cha kukalia jioni. Lifti ndiyo baraza la hapa. Ni mahali pekee ambapo mtu wa ghorofa ya tatu na wa ghorofa ya ishirini husimama bega kwa bega bila miadi. Safari yenyewe haifiki dakika mbili. Mtu akizimaliza zote akiitazama simu, atakaa humu miaka mitano bila kujua kwamba bibi wa mlango wa tatu kutoka kwake anaishi peke yake.

Kwa hiyo ukiingia, salimu kwanza. Bonyeza kitufe cha kuzuia mlango ukiona mtu anakuja na kigari cha manunuzi, muulize ghorofa, umbonyezee. Majirani wengi hapa wanatoka Bangladesh, na kipande cha barabara ya Danforth kilicho karibu, kati ya Main na Victoria Park, watu wanakiita Banglatown. “Assalamu alaykum” itakufikisha mbali, ila usiifanye ufunguo wa kila mlango, maana Wabengali wengine ni Wahindu na wapo pia Wafilipino, Watamili, Waethiopia na wengineo. Jifunze “kemon achen?”, yaani hujambo ya heshima. Utaisema vibaya, watacheka, na hicho kicheko kitafungua mengi kuliko salamu yenyewe. Watoto nao wasiachiwe waingie wakiwa bubu. Kama nyumbani wanakuamkia shikamoo, ndani ya lifti wasishindwe na “good morning” kwa mzee wa watu.

Kwenye wema mdogo kama huo ndipo inapoanzia habari ya karma, imani kwamba tendo lako litakurudia. Baadhi ya majirani wamekulia kwenye neno hilo, nasi wa Afrika Mashariki tumekulia kwenye “malipo ni hapa hapa duniani”. Siku hizi watu wa dini zote wanalitumia kana kwamba ni akaunti ya benki: leo nimempisha mtu kitini kwenye treni, kesho nitapata kazi. Mafundisho yenyewe ni makali zaidi. Bhagavad Gita inamtaka mtu atende lililo jukumu lake bila kuyakimbilia matunda yake. Wabudha wanasema uzito wa tendo uko kwenye nia. Waislamu na Wakristo nao wameshasikia tangu utotoni kwamba mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Mwenye kutenda huku akipiga hesabu ameshajilipa mwenyewe, na mara nyingi atakayepata hasara ni yule aliyesaidiwa, kwa sababu siku moja atasikia masimango.

Shamba la maziwa

Ardhi unayoikanyaga hapa ina mfano unaoivuruga hesabu hiyo. Kabla ya maghorofa, mahali hapa palikuwa shamba la Dentonia, mali ya Walter Massey, wa ile familia tajiri ya mashine za kilimo. Jina la shamba lilitokana na la mkewe, Susan Denton. Mwishoni mwa karne ya 19 maziwa yaliyouzwa mijini yalikuwa hatari. Yalichanganywa maji, yalisafirishwa bila ubaridi, na yalibeba homa ya matumbo, kifua kikuu na magonjwa ya kuhara yaliyoua watoto wachanga. Massey alifuga ng’ombe hapa kwa usafi ambao wakati huo haukuwa wa kawaida, na mwaka 1900 akaanzisha kampuni ya City Dairy, iliyokuja kuwa miongoni mwa za mwanzo Kanada kuuza maziwa yaliyochemshwa kitaalamu ili kuua vijidudu.

Mwaka 1901 akafa kwa homa ya matumbo. Hakuwa amefikisha hata miaka 40.

Mwenye imani ya karma ya akaunti ataona hapa benki imefilisika. Mtu anahangaika kuwaepusha watoto wa wengine na ugonjwa, halafu ugonjwa ule ule unamchukua yeye. Lakini kazi haikufa naye. Mwaka 1938 jimbo zima la Ontario likalazimisha maziwa yachemshwe hivyo. Mjane wake alilitoa jumba la shamba mwaka 1933 kwa shule ya wavulana ya Crescent, na shule hiyo ilipohama karibu na mwaka 1970, maghorofa yakapanda mahali pake, yakabaki na jina lake. (Tusimfanye Massey kuwa walii. Maziwa aliyauza, tena kwa faida. Biashara na wema hazijawahi kugombana, ila pale mmoja anapojifanya mwenzake.)

Unaweza kuanzia hapo hapo kwenye maziwa. Ontario yanauzwa kwenye fuko la lita 4 lenye vifuko vitatu ndani, na bei yake kwa lita ni nafuu kuliko pakiti ndogo. Mtu anayeishi peke yake hawezi kuyamaliza kabla hayajaharibika. Nunua fuko, vifuko viwili vyako, cha tatu mpelekee jirani, naye wiki ijayo anunue yeye. Huu ndio wema ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu hakuna aliyekuwa maskini ndani yake wala hakuna aliyetoa sadaka.

Bakuli na kifuniko

Kwenye chakula sisi watu wa Afrika Mashariki hatuhitaji somo la moyo. Mafundisho ya kuongeza maji kwenye mchuzi ili jirani naye apate tumeyasikia sana. Tunachohitaji hapa ni somo la utaratibu, kwa sababu bakuli la wema linaweza kumweka mtu pagumu.

Kwanza, mjue anayekula. Mwislamu atataka kujua nyama imetoka bucha gani, hata kama anaona aibu kuuliza, hivyo mwambie kabla hajauliza. Mhindu huenda hagusi nyama ya ng’ombe kabisa, na wengine hawali nyama wala mayai. Ukiwa na shaka, peleka mandazi, kaimati, mkate wa kumimina au viazi vya nazi. Mihogo iliyogandishwa na nazi utavipata kwenye maduka ya Danforth, kwa hiyo hakuna kisingizio.

Pili, karanga. Kashata za karanga na korosho zinaua hapa, na sisemi kwa mzaha. Mzio wa karanga ni jambo zito Kanada, na Ontario ina sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2006, inayozitaka shule ziwe na mpango wa kuwalinda wanafunzi wenye mzio mkali. Usimpe mtoto wa jirani kitu cha kutafuna bila kumuuliza mzazi wake, na usimfungie mwanao kashata za kugawia darasani. Andika kwenye karatasi kilichomo, uibandike juu ya kifuniko: unga, nazi, iliki, sukari.

Tatu, usipeleke kwenye bakuli zuri la kioo unalolipenda. Utakapolipeleka, umempa mtu mzigo wa kulirudisha, na kwa desturi zetu na za Wabengali chombo hakirudi kitupu. Mama mwenye watoto wanne na kazi ya usiku hataki deni la biriani. Tumia chombo cha plastiki unachoweza kukisahau, na useme wazi kwamba hakirudi. Akikirudisha kimejaa piyaju, zile bajia za dengu, pokea, tena kwa mikono miwili. Kukataa cha mtu baada ya yeye kupokea chako ni kujiweka juu yake.

Ramadhani hayo yote hurahisika. Jioni korido nzima inanukia, na sahani ya futari inayopita mlango kwa mlango haihitaji maelezo. Kwa mgeni ambaye hajajuana na yeyote, mwezi huo ndio wa kuanzia, awe anafunga au hafungi.

Watu wengi husita kwa sababu wanaona kidogo walichonacho hakina maana. Watafiti wawili wa Marekani, Amit Kumar na Nicholas Epley, waliliangalia jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2022. Katika jaribio moja, watu kwenye uwanja wa kuteleza barafuni Chicago walipewa kikombe cha chokoleti ya moto, wakaambiwa wakitaka wampe mtu wasiyemjua. Waliotoa walikadiria chini furaha ya waliopokea. Mtoaji anahesabu thamani ya kikombe, mpokeaji anahesabu kwamba kuna mtu aliyemkumbuka. Basi usingoje upike pilau.

Baridi, joto, na mlango usiofunguliwa

Hapa ndipo wema unapoacha kuwa jambo la tabasamu. Mwishoni mwa Juni 2021 joto kali lilipiga jimbo la British Columbia, na ofisi ya uchunguzi wa vifo ya huko ikahesabu watu 619 waliokufa kwa sababu yake. Karibu wote walifia ndani ya nyumba. Wengi walikuwa wazee, na zaidi ya nusu waliishi peke yao. Si kwamba majirani walikuwa wabaya. Hakuna aliyekuwa na zamu ya kugonga mlango.

Toronto ina kumbukumbu yake ya upande wa pili. Usiku wa kuamkia Desemba 22, 2013, mvua ya barafu iliangusha miti na nyaya, na wateja wapatao 300,000 wa shirika la umeme la jiji wakakosa umeme, wengine kwa zaidi ya wiki. Kwenye ghorofa refu, umeme ukikatika lifti inasimama, na pampu zinazopandisha maji huenda zikasimama nazo. Mtu wa ghorofa ya ishirini mwenye magoti mabovu anakuwa mfungwa bila kosa.

Fanya hivi kabla ya msimu. Andika majina ya watu wa korido yako tu, si jengo zima, wanaoishi peke yao, wenye watoto wachanga, au wenye mashine ya kupumulia. Omba namba zao za simu, waeleze sababu, uwape yako. Patana na jirani mmoja mwingine mgawane milango. Siku ya joto kali gonga mara mbili, na mara moja iwe jioni, kwa sababu nyumba za zege hubaki na moto wa mchana hata jua likizama. Usiulize “uko salama?” ukaridhika na “ndiyo” ya nyuma ya mlango. Omba akufungulie umwone. Aliyechanganyikiwa, mwenye ngozi ya moto na maneno yasiyoeleweka, si wa kupelekewa juisi, piga 911.

Wakati wa baridi ujue haki ili uweze kumsemea asiyejua Kiingereza: jiji linamtaka mwenye nyumba ahakikishe joto la ndani halishuki chini ya nyuzi 21 msimu wote wa baridi. Mpangaji anayewasha jiko la oveni kujipasha moto anahatarisha jengo zima, na mara nyingi anafanya hivyo kwa sababu hajui kwamba anaweza kupiga 311 kulalamika. Piga pamoja naye.

Na makoti. Mtoto anazidi koti la baridi kila mwaka. Likiwa safi na zipu yake inafanya kazi, mpe mama wa mtoto mdogo zaidi mwezi wa Septemba, kabla hajaingia dukani. Lenye zipu mbovu litengeneze kwanza au litupe. Kumpa mtu takataka zako ni kumfanya akazitupe kwa niaba yako.

Ulimi wako ni mali

Mzungumzaji wa Kiswahili anayejua na Kiingereza ana kitu ambacho hakiuzwi Danforth yote. Wakimbizi na wahamiaji kutoka Kivu, Burundi au kambi za Tanzania wanafika Toronto wakiwa na Kiswahili na labda Kifaransa, na wiki zao za mwanzo ni za karatasi tu. Kwenda nao benki, kuwaonyesha jinsi ya kutoka kituo cha Victoria Park kwa daraja la waenda kwa miguu mpaka kwenye majengo, kuwasomea barua ya shule, hiyo ni hisani isiyokugharimu senti.

Ila usimcheke mtu wa Bukavu kwa Kiswahili chake. Naliona hili kila mara: Mtanzania anasahihisha ngeli huku mwenzake anaulizia dawa ya mtoto. Sarufi itamngojea. Na usidhani wenye Kiswahili ni Waafrika weusi peke yao. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, Kanada iliwapokea maelfu kadhaa, na unaweza kumkuta mzee wa Kigujarati kwenye foleni ya duka akikujibu “mzuri, mwanangu” kwa lafudhi ya Kampala. Mpe dakika zake. Huenda hana tena wa kuongea naye lugha hiyo.

Kuna mipaka mitatu ya kushika hapo.

Kwa daktari, ukalimani wa jirani au wa mtoto wa nyumbani haufai kwa mambo mazito. Mama hawezi kueleza kutokwa damu mbele ya mwanawe wa kiume wa miaka kumi. Msaidie aombe mkalimani wa kitaalamu kabla ya siku ya miadi. Shirika la Access Alliance, ambalo lina kituo chake Danforth karibu na Victoria Park, linashughulika na afya ya wahamiaji na wakimbizi, na limezoea hata watu wasio na kadi ya afya. Namba 211 huelekeza watu kwenye huduma za kijamii, na ina wakalimani.

Kwenye fomu za uhamiaji, saidia bure au usisaidie. Sheria ya Kanada inawaruhusu wataalamu wenye leseni tu, kama mawakili na washauri wa uhamiaji, kutoza pesa kwa kazi hiyo. “Dola hamsini za chai” inakuingiza kwenye kosa, na mbaya zaidi inaweza kuharibu ombi la mtu ambaye maisha yake yote yamo humo.

Mpaka wa tatu ni mdomo. Uliyoyasoma kwenye barua ya mtu yanaishia hapo. Jamii yetu hapa ni ndogo, na kundi la WhatsApp lina masikio mengi.

Fedha, na neno la hapana

Mwaka 2013 Lara Aknin na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha Kanada na Uganda. Watu walikumbushwa mara waliyotumia pesa kwa ajili yao wenyewe au kwa ajili ya mwingine. Katika nchi zote mbili waliokumbuka kumtumia mwingine walijisikia vizuri zaidi, ingawa mambo yenyewe yalikuwa mbalimbali, kwa wengine zawadi, kwa wengine dawa ya ndugu mgonjwa. Mimi nadhani tulilijua hilo kabla ya utafiti. Tusilolijua vizuri ni kiasi.

Weka fungu dogo kila mwezi la michango, nalo likiisha limeisha. Toa mchango wa msiba au wa harusi kutoka humo, si kutoka kwenye kodi ya nyumba. Ukimkopesha mtu, mkopeshe kile ambacho hata asiporudisha utaweza kumtazama usoni ndani ya lifti. Kwenye mtaa wa lifti moja, deni linakutana nawe kila asubuhi.

Na yapo ya kukataa kabisa. Usimwazime mtu kadi yako ya afya, hata kama anaumwa. Ni kosa la kisheria, na rekodi zenu zitachanganyika mpaka siku moja mmoja wenu apewe dawa ya mwenzake. Usiweke sahihi ya udhamini wa nyumba kwa mtu uliyemjua mwezi uliopita. Mwambie hapana mapema, kwa sauti ya kawaida, halafu umpeleke mahali pa kusaidiwa. Hapana inayoambatana na namba ya simu ya kweli ni bora kuliko “tutaona” ya wiki sita.

Msaada wa dharura, kwa upande mwingine, usiuogope. Wengi wetu tumesikia kwamba ukimgusa mtu aliyeanguka utashtakiwa. Ontario ina sheria ya mwaka 2001 inayomlinda mtu anayetoa huduma ya kwanza kwa hiari na kwa nia njema, mradi asifanye uzembe mkubwa. Maduka mengi ya dawa hutoa bure naloksoni ya kupulizia puani kwa aliyezidisha dawa za kulevya za jamii ya afyuni. Ichukue, uelekezwe matumizi yake, uiweke kwenye mkoba. Hutachagua ni mtoto wa nani atakayeihitaji.

Kijana wako wa sekondari naye anahitaji saa 40 za kazi ya kujitolea ili ahitimu. Badala ya kuzitafuta mbali mwezi wa mwisho, aulize shuleni kama kubebea wazee manunuzi au kuwasomesha hesabu watoto wadogo wa jengo kunakubaliwa. Akikubaliwa, jengo limepata mtu.

Baada ya matanga

Jambo tunaloliweza zaidi ni msiba. Mtu akifiwa, viti vinaletwa, sufuria zinapanda, rambirambi zinakusanywa kabla ya jua kuzama. Sina la kuwafundisha watu hapo. Upungufu wetu unaanza baada ya arobaini, ndugu waliokuja kwa ndege wakisharudi na simu zikinyamaza.

Andika kwenye kalenda yako mwezi wa pili, wa tatu na wa nne baada ya msiba. Usiseme “ukihitaji chochote niambie”, kwa sababu aliyefiwa hajui anachohitaji, na akijua ataona haya. Sema jambo lenye siku na saa: Jumamosi saa nne nakuja kuwachukua watoto niwapeleke Dentonia Park, wewe lala. Akisema hapana, pendekeza Jumapili.

Na ziulizie karatasi, ambazo hakuna anayezigusa wakati wa kilio. Kama marehemu alichangia mfuko wa pensheni wa Kanada kwa muda unaotakiwa, familia yake inaweza kuwa na haki ya malipo ya kifo, kwa kawaida dola 2,500, na mjane au mgane anaweza kustahili pensheni ya mwenzi aliyebaki pia. Pesa hizo haziji zenyewe. Lazima ziombwe kwa Service Canada kwa fomu, na wajane wengi hawajawahi kuisikia. Ipakue, uichape, uende nayo ukiwa na kalamu, na kabla hujatoka kwako mwambie kwa simu atafute cheti cha kifo na namba ya bima ya jamii ya marehemu, ili mkikaa mezani muimalize siku hiyo hiyo.